Herufi I Haikuwa na Bidon

Swali lililoninyima usingizi siku tatu mfululizo ni hili: mtoto akionyeshwa herufi M akajibu "Mama Masika," je, anaijua herufi M, au anamjua Mama Masika tu?

Chekeni, lakini fikirini pia. Mimi nilifikiri mpaka nikachora jedwali la safu mbili, upande mmoja "Anaijua," upande wa pili "Haijui," na kila nilipoandika sababu upande huu, nyingine ilizuka upande ule. Siku ya tatu zilikuwa kumi na nne kwa kumi na nne. Na mtoto mwenyewe, Kahindo wa miaka sita, alikuwa amebakiwa na siku moja kabla ya kusimama mbele ya directeur wa shule.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaotoka chuo kikuu mwaka huu na diploma ambayo bado inanuka wino. Mtasubiri kazi. Mkiwa mnasubiri, mama fulani wa mtaani atawaita: "Maître, kuja unifundishie mutoto alfabeti hapa ku nyumba." Mimi niliifanya kazi hiyo miaka minne, kwanza Beni, halafu Butembo, mlango kwa mlango. Sasa nimestaafu. Nina miaka ishirini na nane. Mtasema mtu wa umri huo hastaafu. Mama yangu pia alisema hivyo, kwa sauti kubwa kuliko yenu. Lakini kazi iliniishia mikononi, na mkivumilia kidogo mtaona namna ilivyoisha.

Mjue kwanza nilianzaje. Mémoire yangu ya kumaliza masomo ilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili juu ya jinsi mtoto mdogo anavyojifunza kusoma. Ndani yake hamkuwa na mtoto hata mmoja. Kulikuwa na michoro, mishale, na neno "mchakato" mara nyingi kiasi kwamba mmoja wa wasomaji alilihesabu kwa kalamu nyekundu. Nikapata alama nzuri. Mwezi uliofuata nilikaa uani kwa watu huko Beni mbele ya Paluku wa miaka mitano, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama suruali yangu ilikuwa ya baba yangu.

Nilikuwa nimesoma kwamba mtoto ajifunze herufi kwa kuigusa. Basi nikaomba mahindi kwa bibi yake, nikapanga chini, punje kwa punje, herufi B kubwa yenye matumbo mawili. Ilikuwa B nzuri sana. Nikageuka kutafuta daftari langu ili niandike kwamba somo limeanza vizuri.

"Maître!" Paluku akapiga kelele. "Kuku amekula B!"

Alikuwa amekula tumbo la chini na kuanza la juu. Nikamfukuza, akaja mwingine. Bibi, aliyekuwa akichambua maharagwe kando yetu, hakuinua hata macho.

"Kuku iko nasoma kupita mutoto," akasema.

Wiki nzima baada ya hapo, nikimwomba Paluku anichoree B, alichora fimbo, tumbo moja la juu, na kando yake kitu chenye miguu miwili. Nikimuuliza tumbo la pili liko wapi, ananijibu kwa subira kama mtu anayemweleza mgeni njia: "Iko mu tumbo ya kuku, Maître." Kwa hiyo chukueni hili kutoka kwangu: herufi za kugusa ni nzuri, lakini zitengenezeni kwa kitu kisicholiwa. Vifuniko vya chupa, kamba, mawe madogo. Majivu juu ya sinia, mtoto achore kwa kidole. Kipande cha mkaa kwenye simenti, mvua itafuta yenyewe. Mahindi mtayatumia siku mtakayopata uwanja usio na kuku, na mimi Beni sijauona.

Nilihamia Butembo mwaka uliofuata, kama wengi walivyohama Beni wakati ule, na sababu mnazijua bila mimi kuzisema. Nikakaa kwa shangazi yangu. Yeye ndiye aliyenipeleka mtaa wa Kimemi kwa Madame Katungu, mama aliyefundisha maternelle, shule ya watoto wadogo, maisha yake yote mpaka magoti yakakataa viti vidogo. Nilimwendea na kadi zangu arobaini, zote zimefunikwa plastiki, kila moja na picha yake. Alizipokea, akavaa miwani, akazipitia moja moja kama askari wa kizuizi cha barabarani anayesoma vitambulisho.

"A, avion. Sawa. K, kangourou." Akaniangalia juu ya miwani. "Hii ni ya nani?"

"Ni mnyama, Madame. Wa Australia."

"Kimemi ulishamuona?"

"Hapana, Madame."

Akaendelea. Alipofika kwenye I aliisogeza kadi kwenye mwanga wa dirisha. Kadi ilikuwa na nyumba ya barafu, igloo.

"Butembo baridi iko," akasema, "mais haiyafika pale."

Nilimtembelea kila Jumamosi. Alinifundisha mambo ambayo kurasa zangu mia moja na kumi na mbili hazikuyagusa. Kwamba somo la herufi kwa mtoto mdogo liishe kabla ya maji ya chai kuchemka, na liishe mtoto akiwa bado analitaka. Kwamba usimshike mtoto mkono kumwandikisha kana kwamba unamkamata mwizi. Mwache apinde herufi vibaya, mkono utajinyoosha. Kwamba uanze na sauti, jina la herufi lije baadaye: ukimwambia mtoto hii inaitwa "em," atakusomea "ema" mahali pa "ma," na utahangaika miezi kumvua ile "e." Mwambie tu "mmm," kama mtu aliyeonja supu. Herufi ndogo zisikutishe, alisema. Mwambie mtoto kwamba kubwa ni mama na ndogo ni mtoto wake, na wengine hawafanani na mama zao.

"Wewe ulisoma sana, Maître," alikuwa akiniambia akinisindikiza mlangoni. "Hapana kufundisha batoto yote ulisoma. Batakufa."

Nilikuwa nikiyaandika yote haya daftarini. Kisha narudi nyumbani na kufikiri kama nimeyaandika kwa mpangilio sahihi.

Sasa Kahindo. Mama yake anauza samaki sokoni, tilapia wanaopanda kutoka Kyavinyonge, kule ziwani, na mikono yake hainuki kitu kingine, hata Jumapili kanisani. Mwaka uliotangulia alikuwa amempeleka binti yake kuandikishwa darasa la kwanza. Directeur wa shule ile ana desturi yake: kila mtoto anasimama mbele ya ubao, anaonyeshwa herufi chache, wazazi wote wamekaa nyuma kwenye mabenchi. Kahindo alimtazama directeur, akatazama viatu vya directeur, hakusema neno. Wakamrudisha maternelle. Mwaka mzima alikaa kwenye kiti kidogo, magoti yakigusa masikio, katikati ya watoto wanaolilia maziwa.

"Akirudishwa tena," mama yake aliniambia, "mimi nitavumilia. Mais yeye? Sikiliza vile anasemaka."

Sikuhitaji kungoja. Siku ya kwanza nilipofungua mfuko wangu wa kadi, Kahindo alinihurumia.

"Maître, hapana kujisumbua," akasema kwa upole kabisa. "Mimi niko mujinga."

Hakulia. Alisema kama mtu anayekutajia anwani yake.

Wiki tatu nilimwonyesha kadi. Alizijua zote, kwa picha. Nikaziba picha kwa kidole gumba ili ibaki herufi peke yake.

"Hii ni nini, Kahindo?"

"Kidole yako, Maître."

Ndipo nikakumbuka ukurasa wa themanini na kitu wa mémoire yangu, ambapo niliandika kwamba mtoto azungukwe na herufi katika mazingira yake ya kila siku. Nikatazama huku na huku uani kwa Mama Kahindo. Mazingira ya kila siku yalikuwa bidon sita za maji, za njano, za lita ishirini, zimepangwa ukutani, kila moja na kitambaa chekundu kwenye mshikio. Nikafurahi mno. Nikaomba rangi ya mafuta iliyobaki kwa jirani aliyepaka lango, nikachukua brashi, na kwenye kila bidon nikaandika herufi moja kubwa nyekundu: A, B, K, M, S, T. Vile vitambaa nikavifungua, maana vilikuwa vinaziba herufi. Mama Kahindo aliporudi sokoni aliguna kidogo. Nikamweleza kwamba ni njia ya kisasa. Akaiheshimu diploma yangu, akaingia ndani.

Hapa lazima niwaambie nisichokuwa nakijua, na mtu yeyote wa avenue ile, barabara ya kina Kahindo, angeniambia kama ningeuliza. Kwa shangazi yangu bomba liko ndani ya uwanja. Sikuwahi kupanga mstari wa maji. Pale avenue nzima inategemea bomba moja, na maji yanatoka membamba kama uzi, kwa hiyo hakuna anayesimama kungoja. Unaweka bidon yako kwenye mstari alfajiri, unaenda kwenye shughuli zako, na bidon inasimama pale kwa niaba yako. Inasogezwa na aliye karibu, inajazwa na aliye karibu, na kila mtu anaitambua kwa alama. Na alama za avenue ile, isipokuwa wachache kama Mama Kahindo na vitambaa vyake, ni herufi ya kwanza ya jina la mwenyewe.

Nilikuwa nimepeleka kwenye mstari ule bidon sita za uongo.

Nilipofika asubuhi, kelele nilizisikia tangu barabara kubwa. Mama Masika, anayekaanga mandazi, aliona M karibu na bomba, akamshukuru Mungu, akaijaza, akaibeba, na nusu saa baadaye akakuta M yake halisi nyuma kabisa. Papa Kasereka, fundi wa pikipiki, alikuwa ameshaondoka na K. Lakini aliyekuwa matatani hasa ni Papa Siviwe, mzee mwenye tabia ambayo kila mtu anaijua: bidon yake haikai ilipowekwa, ukigeuka kidogo inakuwa imesogea mbele.

"S iko mbele na S iko nyuma!" Mama Masika alikuwa anapaza sauti. "Siviwe, leo umejizaa!"

"Haki ya Mungu, ile ya mbele haiko yangu!"

"Ya nani basi? Ya Salomoni?"

Mama Kahindo alisimama kando mikono kichwani. Bidon zake sita zilikuwa zimetawanyika kwenye mstari na kwenye nyumba za watu, na hakuwa na kitambaa cha kudai hata moja. Mama Alphonsine, anayeshika ufunguo wa bomba, alikuwa amefunga maji.

"Hapana mayi," alitangaza, "mpaka nione ule mwandishi."

Nilitaka kurudi nilikotoka. Lakini kwenye mkono wa shati langu kulikuwa na rangi nyekundu mpaka kwenye kiwiko, na avenue nzima ilinigeukia kwa pamoja.

Hukumu ilitolewa palepale. "Maître, utapaka bidon ya kila nyumba upya, moja moja, mwenyewe akisimama hapo anaangalia," Mama Alphonsine alisema. "Na alfabeti yako utaiacha ku masomo."

Ilinichukua siku mbili. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Kahindo alinifuata kubeba kopo la rangi. Kila mwenye bidon alikuja na masharti yake. Mama Masika alitaka M yenye miguu iliyonyooka. Mama Alphonsine alitaka A iwe na mstari wa katikati unene wa kidole, ionekane kwa mbali kama mamlaka. Shida kubwa ilikuwa K. Mnajua majina yetu Wanande, mtoto anapewa kufuatana na nafasi aliyozaliwa, na matokeo yake avenue imejaa K: Kasereka, Kakule, Katembo, Kavira. Mimi mwenyewe ni Kambale, mwana wa pili wa kiume, kama nusu ya wanaume mtakaokutana nao Butembo. Tulijadiliana mpaka jua likazama. Papa Kasereka akachukua K nyekundu, Mama Kavira akachukua K ya bluu, Papa Kakule akaridhika na K yenye mstari chini, na Papa Katembo akasema yeye atafunga kamba, amechoka na wasomi.

Siku ya pili nilifika kwenye bidon ya Papa Siviwe nikiwa nimechoka, brashi juu, na kichwa kitupu. Nilisahau kabisa niandike nini.

"Ile ya nyoka, Maître," Kahindo akasema nyuma yangu. "Ya Papa Siviwe. Sss. Inapitaka mbele ya benzake polepole."

Niligeuka. Nikamwonyesha bidon iliyokuwa inakauka kando.

"Na ile?"

"Mama Masika. Mmm."

"Ile pale?"

"Mama Alphonsine. Ile iko sawa nyumba yenye mulango imefungwa, sababu yeye ndiye iko na funguo."

Alinitajia herufi tisa. Mtoto wa wiki tatu za "kidole yako, Maître" alinitajia herufi tisa bila kupumua, na kwa kila moja umbea wa mwenyewe. Brashi iliniangukia mguuni. Kiatu kile bado ninacho.

Mwalimu mwenye akili angeimba. Mimi nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani, na lile swali likaja. Je, ni herufi hizi, au ni watu? Akiona M kitabuni, mahali ambapo Mama Masika hayupo, atafanyaje? Directeur ni mtu aliyetumwa kutoka mkoa mwingine, hajui mtu hata mmoja wa avenue yetu. Kahindo akimwambia hii ni Mama Masika, si ataandika kwamba mtoto hajui kitu?

Basi kesho yake nikafanya kosa kubwa kuliko la bidon. Lile la bidon lilifunga maji asubuhi moja. Hili nusura lifunge mtoto.

"Kahindo," nilimwambia, "herufi si mtu. Usitaje mtu yeyote. Sema sauti tu."

Nikamwonyesha M. Akafungua mdomo. Akaniangalia, akaufunga. Nikamwonyesha S. Akatazama viatu vyangu.

"Maître," akasema, "si nilikuambia? Mimi niko mujinga."

Siku ya tatu nikaenda mbio kwa Madame Katungu na jedwali langu la kumi na nne kwa kumi na nne. Alilisoma lote, safu zote mbili, huku akitafuna karanga.

"Ukiona jina yangu imeandikwa pa karatasi," akaniuliza, "unaona nani?"

"Nakuona wewe, Madame."

"Donc na wewe haujue kusoma."

Akanirudishia karatasi. Mtu mwingine angeelewa hapo hapo. Mimi nilirudi nyumbani nikaiandika hoja yake upande wa kwanza, zikawa kumi na tano, na kabla wino haujakauka nikapata ya kumi na tano ya upande wa pili.

Asubuhi ya majaribio nilivaa shati lisilo na rangi. Mfukoni nilikuwa na barua ya kurasa nne ya kumweleza directeur hali ya mtoto, yenye utangulizi na hitimisho. Mabenchi yalijaa. Mama Masika alikuwapo na mjukuu wake, na Papa Siviwe naye na wake, wa tatu kwenye mstari ingawa aliingia baada yetu. Kahindo alipoitwa, mama yake alianza kusokota ncha ya kitenge.

Directeur aliandika M kwa chaki.

"Mwana, hii ni nini?"

Kahindo akamtazama. Akatazama viatu vyake.

Directeur akangoja. Alikuwa mtu mwema, lakini kulikuwa na watoto wengi nyuma. Akaandika S. Akaandika A. Kahindo hakuinua kichwa, na niliona mabega yake yanashuka polepole, kama mtu anayejiandaa kurudi kwenye kiti kidogo. Niligusa barua mfukoni. Nilijiuliza niitoe sasa au baadaye. Nilijiuliza kama ruhusa inaombwa kwa kunyoosha mkono au kwa kusimama. Nilijiuliza kama nikisimama sitamharibia zaidi. Na directeur alikuwa tayari ameshika kifutio.

Nikasimama. Benchi lote likapiga kelele.

"Kahindo! Sahau yote yenye nilikuambia. Taja wenye bidon!"

Directeur akageuka. "Bidon gani?"

Lakini Kahindo alikuwa ameinua kichwa.

"Bote?" akaniuliza.

"Bote."

"Na Papa Siviwe?"

"Hata Papa Siviwe."

Akauelekea ubao. "Hii ni ya Mama Masika, mmm. Hii ni ya Mama Alphonsine, aaa, akikasirika anafunga mayi. Na hii," akamtafuta kwa macho kwenye mabenchi ili ahakikishe, "ni ya Papa Siviwe, sss, anapitaka mbele ya batu."

Chumba kizima kikalipuka.

"Mimi?" Papa Siviwe alisimama. "Ilikuwa siku moja tu!"

"Siku moja, kila siku!" Mama Masika akamjibu.

Directeur alicheka pia, lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu hakamatwi kwa kicheko. Akaandika K. K ilikuwa ya watu wengi, na hapo ndipo lilipokuwa swali langu lote.

"Nyekundu ao ya bluu?" Kahindo akauliza.

"Ni ya chaki tu, mwana."

Akaifikiria. "Kama ni ya chaki, sijue ni ya nani," akasema. "Mais inasema kkk."

Wadogo zangu, siku tatu bila usingizi, hoja thelathini, na jibu lilikuwa hilo. Hakujua ni ya nani, na alijua inasema nini. Nilikaa chini, barua ikabaki mfukoni.

Directeur akaandika I, fimbo tupu. Nikakumbuka kwa hofu kwamba avenue nzima haina mtu wa I.

"Hii haina bidon," Kahindo akasema.

"Haina jina?"

"Haina mutu. Mais niliionaka ku karata ya Maître, fasi ya nyumba ya barafu. Inasema iii." Akaitazama tena. "Maskini. Iko yenyewe tu."

Kadi moja kati ya arobaini ilikuwa imefanya kazi, na ilikuwa ile. Sijamwambia Madame Katungu mpaka leo.

Mwishowe directeur aliandika neno zima. Kahindo alisogea mpaka pua ikakaribia chaki. "Papa Siviwe na Mama Alphonsine: sa. Mama Masika na Mama Alphonsine tena: ma. Ile ya chaki na ile maskini: ki." Akarudia kwa pumzi moja, midomo ikitembea. Kisha akageuka mabenchini kwa kelele: "Samaki! Mama, ameandika kazi yako!"

Mama Kahindo alifunika uso kwa kitenge chote. Directeur akafungua daftari la darasa la kwanza.

Wakati wa kurudi Kahindo alitembea mbele yetu akisoma kila kilichoandikwa ukutani, pamoja na yale ambayo mtoto hapaswi kusoma. Alipochoka alirudi kando yangu.

"Maître, jina yako inaanza na nini?"

"Kambale. K."

Akanisikitikia. "K zimejaa."

"Niko na ingine, ya ubatizo. Isaya."

Akasimama katikati ya barabara, pikipiki ikamkwepa.

"Iii! Maître, kumbe ni wewe! Na unaacha fimbo yako inateseka yenyewe!"

Siku zilizofuata niligundua kwamba hakuna aliyeniita tena avenue ile. Mama Masika alikuwa anamfundisha mjukuu wake kwenye mstari wa maji, akimwonyesha bidon kwa mwiko wa mandazi. Papa Siviwe alikuwa anamfundisha wake S, kwa maelezo tofauti kidogo. Mama Kahindo, ambaye aliniambia mwanzoni kwamba yeye mambo ya herufi hayawezi, alikuwa anaandika majina ya samaki kwa mkaa kwenye ubao wa meza yake sokoni, binti yake akimsahihisha. Kadi zangu walizichezea watoto wa shangazi. Niliwaza kama nihame mtaa nikatafute wateja wapya, nikawaza kama huo si ubinafsi, nikawaza kama kuacha si uvivu. Nikachukua karatasi, nikachora mstari katikati, safu mbili.

Halafu nikaikunja bila kuandika kitu. Nikaenda sokoni nikanunua bidon ya njano, nikapaka juu yake I moja ndefu, nyekundu, nikaibeba mpaka bombani.

"Maître," Mama Alphonsine akaniambia, "kwenu si iko bomba ndani ya parcelle?"

"Iko, Mama."

"Sasa hapa unatafuta nini?"

Nilimwonyesha I. Niliiweka nyuma ya S ya Papa Siviwe, nikamwona mtoto mdogo mmoja anainama mbele yake na kuanza kuvuta midomo: iii. Nikaiacha pale isimame kwa niaba yangu, nikaenda zangu.